Je, ni haki kuliomba jimbo letu ligharimie kitivo cha udaktari wa mifugo kilicho mali ya taifa?

Katibu wa wafugaji, Annexe (Lubumbashi)

Nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi ni mfugaji wa nguruwe katika komine, yaani sehemu ya mji, ya Annexe hapa Lubumbashi, Kongo, na ni katibu wa kikundi cha wafugaji kinachojiandaa kuliandikia Bunge la jimbo la Haut-Katanga kabla ya kikao cha bajeti cha mwezi wa Septemba. Barua karibu imekwisha, ila kuna aya moja ambayo imetugawa.

Baadhi yetu tunataka kuomba kwamba serikali ya jimbo itenge fedha kila mwaka kwa ajili ya kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wengine wanasema kwamba chuo hicho ni cha Leta, yaani serikali kuu, kwamba wakubwa wake wako Kinshasa, na kwamba jimbo likianza kulipia kitu kisicho chake, Kinshasa itapata sababu ya kutolipa hata kile kidogo inacholipa. Mmoja wetu amesoma mahali kwamba kule Marekani vyuo vya udaktari wa mifugo hulipiwa na majimbo, akataka tuliandike hilo kama hoja. Mimi nilisita, kwa sababu neno ni lile lile, jimbo, lakini sina hakika kwamba jambo ni lile lile.

Niseme pia kwa nini suala hili linanichoma. Mwaka juzi nilipoteza nguruwe 38 kati ya 43 katika muda wa majuma mawili. Wa kwanza alikuwa jike lenye mimba. Asubuhi aliacha kula, jioni masikio yake yalikuwa yamegeuka rangi ya zambarau, na alipojaribu kusimama miguu ya nyuma ilimkatalia. Nilimwita kijana mmoja anayeuza dawa za mifugo, akaja na chupa ya oksitetrasaiklini, akamchoma yule jike, akawachoma na wengine sita kwa sindano ile ile, kisha akaifuta kwa kitambaa na kwenda nayo kwenye banda la jirani yangu. Nilimlipa na kumshukuru. Ilipita miezi kadhaa kabla sijakutana na daktari wa kweli aliyenieleza kwamba ile ilikuwa na kila dalili ya homa ya nguruwe ya Afrika, kwamba haina dawa, na kwamba sindano ile yaelekea ndiyo iliyoutembeza ugonjwa kutoka banda hadi banda.

Basi naomba mnisaidie katika mambo mawili. Je, hoja ya Marekani inatufaa? Na je, jimbo letu lina ruhusa ya kisheria na uwezo wa kulipa?

Daktari wa mifugo mstaafu

Papa Katibu, pole sana. Nimewatibu nguruwe kwa miaka mingi na picha uliyoichora ya yule jike naijua vizuri mno. Yule kijana sitamhukumu peke yake: oksitetrasaiklini hupambana na bakteria, na homa ya nguruwe ya Afrika huletwa na kirusi, lakini hilo mtu hulijua kwa kufundishwa. Palipokosekana aliyefundishwa, wewe ulimwita aliyekuwa karibu, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Nianze na historia, kwa sababu nadhani ndiyo itakayowatuliza wale wenzako wanaoona kwamba hili si jukumu la serikali. Chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo duniani kilianzishwa mjini Lyon, Ufaransa. Mwaka 1761 baraza la mfalme lilimpa Claude Bourgelat idhini pamoja na livra 50,000, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, za kutolewa kwa miaka 6, na mwaka uliofuata wanafunzi wakaanza kuingia. Wafalme hawakuwa wakigawa fedha kwa kuwapenda wanyama. Katika karne ile sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, ilikuwa ikimaliza makundi mazima Ulaya, na ng'ombe walipokufa hakukuwa na wa kuvuta jembe, wala mbolea, na kodi nayo haikulipwa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza elimu hii imelipiwa na hazina ya umma kwa sababu hasara yake huangukia umma. Ugonjwa ule ule wa sotoka ulitangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani, na ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufikia hapo, baada ya ndui ya binadamu.

Sasa Marekani. Mwenzako amesoma sawa, na wewe pia umesita kwa haki. Kule jimbo ndilo linalomiliki chuo: lina bunge lake, kodi zake, na chuo kikuu chake. Iowa lilikuwa la kwanza kuwa na chuo cha umma cha udaktari wa mifugo, mwaka 1879. New York lilifanya jambo ambalo kwenu linaweza kuwa na mafunzo zaidi. Mwaka 1894 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuunda chuo cha jimbo cha udaktari wa mifugo, lakini likakiweka ndani ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambacho si mali ya jimbo. Maana yake ni kwamba hata kule haikuwa lazima mwenye kulipa awe ndiye mwenye nyumba.

Mfano mwingine ni wa Virginia na Maryland, ambayo ni majimbo mawili yenye chuo kimoja cha udaktari wa mifugo, kila moja likichangia na kupata nafasi kwa ajili ya vijana wake. Upande wa magharibi wa nchi ile yapo majimbo ambayo hayakujenga chuo kabisa. Yalikubaliana kwamba kijana wao akipokelewa katika chuo cha jimbo jingine, jimbo lake la nyumbani hulipia kiti chake, na baadhi yao humtaka arudi kufanya kazi kwao kwa idadi fulani ya miaka, au arudishe fedha. Na wakiona uhaba, hujenga: mwaka 2019 Bunge la Texas lilitenga dola milioni 17.35 kwa ajili ya chuo kipya cha udaktari wa mifugo mjini Amarillo, kwa hoja kwamba vijijini hapakuwa na madaktari wa kutosha wa kutibu wanyama wakubwa, na mwaka 2021 wanafunzi wa kwanza 64 wakaanza masomo.

Kuna swali ambalo wabunge watawauliza bila shaka: kwa nini elimu hii iwe ghali kuliko ya sheria au ya uchumi? Jibu ni kwamba mwanafunzi wa sheria anahitaji mwalimu, kitabu na kiti. Mwanafunzi wetu anahitaji ng'ombe aliye hai, na ng'ombe huyo hula hata siku za sikukuu. Anahitaji mzoga wa kupasua, mahali pa kuuchoma au kuuzika baadaye, maji mengi, darubini, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabarani, ambavyo huisha tarehe hata kama havikutumika, friji isiyozimika, na gari la kumpeleka bandani. Wenzetu wa udaktari wa watu nao wana gharama kubwa, lakini hospitali yao huingiza fedha. Mwenye mbuzi wa dola 60 hawezi kulipia upasuaji wa dola 100, na hata angeweza, hatafanya hivyo, atamchinja. Ndiyo sababu hospitali ya kufundishia ya wanyama haijilishi yenyewe, iwe Iowa au Lubumbashi.

Mchambuzi wa bajeti, komine ya Lubumbashi

Namshukuru Papa Daktari. Mimi nitajibu swali la pili, la ruhusa na uwezo.

Ruhusa ipo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 203, inaweka uanzishaji wa shule na vyuo, vikiwemo vyuo vya juu na vyuo vikuu, miongoni mwa mambo ambayo serikali kuu na majimbo huyashiriki pamoja. Kama jimbo linaruhusiwa kuanzisha chuo kikuu, sioni jinsi gani lingekatazwa kukisaidia kilichopo. Lakini msiombe jimbo lilipe mishahara ya waprofesa. Hao ni wafanyakazi wa Leta, mishahara yao hutoka Kinshasa, na hapo ndipo hofu ya wenzenu ina ukweli: jimbo likigusa mshahara, kesho litaachiwa mzigo wote. Ombeni vitu ambavyo serikali kuu haivilipii kwa kawaida na ambavyo jimbo lenyewe litavitumia.

Uwezo ni habari ndefu kidogo. Watu wengi huanza na kifungu cha 175 cha Katiba, kinachosema kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo na kwamba inakatwa papo hapo kwenye chanzo. Kila anayefuatilia bajeti zetu anajua kwamba ukataji huo haujawahi kufanyika kama ulivyoandikwa, kwa hiyo barua yenu isiuegemee. Egemeeni mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo migodi hutoa kwa madini inayoyauza. Sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa mwezi wa Machi 2018, inagawa mrabaha huo katika mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo lenye mgodi, asilimia 15 kwa miji, komine, sekta au utemi wa mahali hapo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Fungu la jimbo huingia katika akaunti ya jimbo moja kwa moja bila kupitia Kinshasa.

Tufanye hesabu ya mfano. Mrabaha wa shaba ni asilimia 3.5 ya thamani ya mauzo. Tuseme tani moja inauzwa dola 9,000. Mrabaha wake ni dola 315, na robo ya jimbo ni dola 78 na senti 75. Tani 10,000 zinalipatia jimbo dola 787,500. Chukueni hata sehemu moja kwa kumi ya hapo, ni dola 78,750. Sasa mwulizeni Papa Daktari ni friji ngapi, ni lita ngapi za mafuta ya gari na ni vitendanishi vya miezi mingapi vinavyopatikana kwa fedha hizo. Kisha kumbukeni kwamba tani 10,000 ni kiasi kidogo sana kwa migodi ya Katanga.

Onyo moja la mtu aliyekaa miaka mingi karibu na karatasi hizi. Bajeti iliyopigiwa kura si fedha iliyotoka. Nimeona mistari mizuri katika edi ya bajeti, yaani sheria ya bajeti ya jimbo, ambayo Desemba ilifika ikiwa na sifuri mbele yake. Kwa hiyo ombeni mstari wenye jina lake lenyewe, usiofichwa chini ya maneno kama misaada mbalimbali, na ombeni kwamba malipo yafanywe kila miezi mitatu kwa mkataba wa maandishi kati ya jimbo na chuo, ambao Bunge la jimbo litaletewa taarifa yake. Mstari usio na mkataba hukatwa wa kwanza hela zikipungua.

Mama mfugaji wa kuku, Katuba

Nimewasoma kwa makini baba zangu, na kwa heshima yote mimi sikubaliani na aya hiyo, angalau kwa jinsi ilivyoanza.

Nafuga kuku wa mayai. Adui yangu ni ugonjwa wa kuku uitwao mdondo. Chanjo yake ipo, bei yake si kubwa, na kuitumia si kazi ngumu. Lakini mara ya mwisho nilipoinunua, umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, yule muuzaji alikuwa ameyafunga machupa katika gazeti pamoja na vipande vya barafu vilivyokwisha kuyeyuka, na nilipolishika chupa langu lilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani. Nilichanja. Siku ya kumi na mbili kuku wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani. Katika 300 walibaki 70.

Sasa niambieni, je, kuku wangu walikufa kwa kukosa profesa? Walikufa kwa kukosa friji na kwa kukosa mtu wa serikali wa kukagua wauzaji. Vijana waliomaliza masomo ya mifugo wapo katika mji huu. Nawajua wawili, mmoja anauza vocha za simu na mwingine yuko mgodini akiandika namba za malori. Kama jimbo lina dola hizo 78,750, liajiri vijana hao, liwape kila mmoja pikipiki na friji ya nguvu za jua, liwaweke katika kila komine. Kutia fedha chuoni wakati waliokwisha kutoka chuoni hawana kazi ni kama kuongeza maji katika ndoo iliyotoboka.

Daktari wa mifugo mstaafu

Mama, maneno yako yamenigusa, na kwa sehemu kubwa una haki. Kuhusu chanjo, uliza kama unaweza kupata ile inayoitwa I-2, ambayo hustahimili joto zaidi na hutiwa tone moja katika jicho la kuku. Haimaanishi iachwe juani, lakini haifi upesi kama nyingine barafu ikiyeyuka. Na pole kwa kuku wako.

Nisipokubaliana nawe ni pale unapotenga friji na profesa. Mkaguzi wa wauzaji utakayemtaka lazima awe amewahi kushika chanjo iliyoharibika na kuonyeshwa tofauti. Ajue kuchukua damu na kipande cha bandama kutoka kwa nguruwe wa Papa Katibu, akifunge vizuri, akipeleke maabara kikiwa baridi, na atoe jibu kabla jirani hajauza nyama ya mgonjwa kwa bei ya haraka. Mambo haya hayafundishwi ubaoni. Nimewahi kuwapokea vijana wenye shahada, wenye akili sana, ambao hawakuwa wamewahi kumshika nguruwe mguu. Ilinichukua mwaka mzima kuwafundisha kile ambacho wangepaswa kuja nacho, na mwaka huo mfugaji ndiye aliyeulipia kwa wanyama wake.

Kwa hiyo napendekeza fedha zisiende kwa chuo chenyewe, yaani si kwa majengo wala ofisi. Ziende kwenye kliniki ya kutembea. Vyuo vingi vya Marekani vina huduma ya namna hiyo: gari la chuo hutoka asubuhi na mwalimu mmoja pamoja na wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho, wanazunguka mashambani, wanatibu, wanachanja, wanachukua sampuli, na jioni wanarudi kujadili waliyoyaona. Jimbo lilipie gari, mafuta, friji za jua na vitendanishi. Chuo kitoe walimu na wanafunzi. Siku mbili kwa juma ziwe za Katuba, Annexe na Ruashi, na kila mwezi safari moja ya Kipushi, Kasenga au Sakania. Vijana wako wawili, Mama, waajiriwe hapo kama wasimamizi wa kudumu, kwa sababu wanafunzi huja na kuondoka, na mfugaji anahitaji sura moja anayoijua. Sakania naitaja kwa makusudi, maana wanyama na nyama huvuka mpaka wa Zambia kila siku, na ugonjwa hausimami Kasumbalesa kugongewa mhuri. Wenzetu wa Zambia walikijenga kitivo chao Lusaka katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani.

Tena kuna jambo ambalo wabunge wasio wafugaji watalielewa haraka. Zaidi ya nusu ya magonjwa ya kuambukiza ya binadamu yanayojulikana yana asili ya wanyama. Mtoto aliyeumwa na mbwa huko Kamalondo anahitaji kwanza mtu wa kujua kama mbwa yule alikuwa na kichaa.

Mama mfugaji wa kuku, Katuba

Papa Daktari, kama fedha zinapanda gari na kufika Katuba, na kama vijana wale wawili wamo ndani ya gari hilo kwa mshahara, mimi sina pingamizi. Nitatia sahihi. Lakini andikeni siku zenyewe, Jumanne na Alhamisi au nyingine, maana huduma isiyo na siku haiji.

Katibu wa wafugaji, Annexe (Lubumbashi)

Nawashukuru sana. Jana jioni tulikutana tena, tulikuwa kumi na saba chini ya mwembe wa mwenyekiti, nikawasomea majibu yenu yote. Waliokuwa wakipinga walitulia waliposikia kwamba hatuombi mishahara ya waprofesa. Hoja ya Marekani tumeibakiza kwa sentensi mbili tu, ile ya New York ya mwaka 1894 na ile ya majimbo yanayolipia viti, na tumeandika wazi kwamba muundo wao si wetu.

Aya sasa inasomeka hivi: «Tunaliomba Bunge la jimbo liingize katika edi ya bajeti mstari wenye jina la Kliniki ya kutembea ya mifugo, utakaogharimiwa kwa sehemu ya mrabaha wa madini unaoingia katika akaunti ya jimbo, na utakaotumiwa kwa mkataba kati ya serikali ya jimbo na kitivo cha udaktari wa mifugo, kwa ajili ya gari, mafuta, friji za nguvu za jua, vitendanishi na ujira wa madaktari wawili wa kudumu, kwa huduma ya kila Jumanne na kila Alhamisi katika komine zetu; malipo yafanyike kila miezi mitatu, na taarifa iletwe Bungeni.»

Ndugu Mchambuzi, naomba unihakikishie jambo moja kabla hatujapiga chapa: je, tutaje asilimia ya mrabaha tunayoiomba, au tuweke kiasi cha dola? Mwenyekiti anataka dola, kwa sababu watu wanazielewa upesi.

Mchambuzi wa bajeti, komine ya Lubumbashi

Wekeni vyote viwili, Papa Katibu. Bei ya shaba hupanda na kushuka, na asilimia peke yake inaweza kuwaacha bila mafuta ya gari mwaka wa bei mbaya. Andikeni asilimia, kisha mwandike «isipungue dola» kiasi mtakachokubaliana na Papa Daktari baada ya kuorodhesha bei za vifaa moja moja. Orodha hiyo ibandikeni nyuma ya barua. Mbunge hupenda kuona friji imeandikwa bei yake.